Nyumba Iko kwa Fundi

Red Bay ni mji mdogo wa jimbo la Alabama, ukingoni kabisa mwa mpaka na Mississippi. Watu wake ni kama 3,000. Hauna bahari wala mlima wa kuvutia wageni. Hata hivyo kwa miaka mingi umekuwa na wageni majira yote, wanaotoka Florida, Oregon, hata Kanada, na ambao hukaa wiki moja, wiki tatu, pengine mwezi. Hawakuja kutalii. Wanasubiri fundi.

Kinachowaleta ni kiwanda cha Tiffin, kilichoanzishwa na Bob Tiffin mwaka 1972. Kinatengeneza yale magari makubwa kama basi, ambayo ndani yake mna kitanda, jiko, choo na bafu. Sisi Waswahili hatuna jina moja tulilokubaliana kwa kitu hiki, basi hapa nitakiita gari-nyumba. Mwenye gari-nyumba anayelitumia kwa likizo tu hana shida kubwa likiharibika. Analiacha gereji, anapanda gari lake dogo, anarudi nyumbani kusubiri simu. Lakini Marekani kuna watu wengi, wengi wao wastaafu, waliouza nyumba zao za matofali na mbao, wakagawa makochi kwa watoto na picha za ukutani kwa wajukuu, wakahamia moja kwa moja ndani ya gari. Huyo naye anapofika gereji huambiwa maneno yaleyale: liache hapa, tutakupigia. Aende wapi? Kitanda chake kimo ndani ya hicho kinachotengenezwa. Dawa zake za presha zimo kwenye kabati la juu ya sinki, na mbwa wake hana pengine anapopajua.

Historia ya magari haya huandikwa mara nyingi kama historia ya safari: machweo, majangwa, uhuru wa barabara. Mimi naona inasomeka vizuri zaidi ukiitazama kutokea gereji, kwa sababu hapo ndipo swali lililowasumbua watunga sheria, mabenki na polisi hujitokeza bila kujificha. Je, kitu hiki ni nyumba au ni gari?

Mwanzoni swali hilo halikuwepo, maana fundi alikuja na gari. Mwaka 1910 kampuni ya Pierce-Arrow ilionyesha jijini New York gari lake liitwalo Touring Landau, lenye kiti cha nyuma kinachogeuka kitanda, beseni la kunawia la kukunja, na simu ya tajiri kuzungumza na dereva wake aliyekaa mbele. Dereva wa zama hizo hakuwa mshika usukani tu. Ndiye aliyejua kuziba tairi, kusafisha plagi na kulala chini ya gari kwenye matope huku bwana akisubiri ndani. Matajiri hawakuwa na haja ya kuuliza gereji iko wapi.

Miaka tisa baadaye, mwaka 1919, watu wa kipato cha kawaida walikutana katika bustani ya De Soto mjini Tampa, Florida, wakaunda chama chao, Tin Can Tourists, yaani watalii wa makopo. Walijitambulisha kwa kuchomelea kopo kwenye kifuniko cha rejeta. Wengi waliendesha Ford Model T, gari lililotoka mwaka 1908 na ambalo hadi mwisho wake mwaka 1927 lilitengenezwa zaidi ya milioni 15. Uzuri wa Model T kwa msafiri ni kwamba mkulima mwenye koleo, bisibisi na waya aliweza kulifanya litembee tena. Walilala ndani yake au kwenye hema lililofungwa ubavuni. Kikiharibika kitu, mwenyewe alikunja mikono ya shati, na jirani wa kambini akaja kushika taa.

Jina lenyewe la magari haya kwa Kiingereza, lililounganisha mota na nyumba, linahusishwa na Raymond Frank wa Brown City, Michigan, aliyejijengea la kwanza katika miaka ya 1950 kwa ajili ya familia yake, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuyatengeneza kwa wingi juu ya chasisi ya Dodge. Wakati huo serikali ilikuwa inajenga barabara. Sheria ya mwaka 1956 iliidhinisha mtandao wa maili 41,000 za barabara kuu, kama kilomita 66,000, na mtu aliyekuwa na nyumba yenye magurudumu akapata pa kuipeleka.

Bado wengi walijijengea wenyewe, hasa kwa kununua mabasi yaliyostaafu na kuyang'oa viti. Tarehe 20 Julai 1963 familia 26 zenye magari ya namna hiyo zilikusanyika Hinckley, jimbo la Maine, kutazama kupatwa kwa jua. Lilidumu muda mfupi tu, lakini watu wakabaki. Walikuwa na mengi ya kuulizana: maji machafu wewe unayamwaga wapi, umeme wa ndani umeuvuta vipi, ile gia ya tatu kwako pia inakwaruza? Kutokana na mkutano huo kikazaliwa chama cha Family Motor Coach Association, ambacho bado kipo. Napenda sana kwamba chama hicho kilianzia kwenye giza la mchana, watu wamesimama uwanjani wakitazama juu, halafu wote wakageuka na kutazama chini ya magari yao.

Aliyeyafanya kuwa bidhaa ya watu wengi ni John K. Hanson wa Forest City, Iowa, aliyekuwa na duka la samani na biashara ya mazishi. Mji wake ulikuwa ukiyumba kwa sababu kilimo kilikuwa kimelegea na vijana walikuwa wakiondoka. Mwaka 1958 wafanyabiashara wa mji waliivuta kampuni ya California ifungue hapo kiwanda cha karavani za kukokotwa. Mambo yalipoharibika Hanson akakishika, na mwaka 1961 kikaitwa Winnebago, jina la wilaya yao, ambalo ni jina walilopewa na wengine watu wa asili wa taifa la Ho-Chunk. Gari-nyumba la kwanza la Winnebago lilitoka mwaka 1966. Liliunganishwa kwenye mstari wa kiwandani kama magari mengine, na bei yake ilikuwa kama nusu ya ile ya washindani.

Hapo ndipo fundi na mwenye gari walipoanza kuachana. Kitu kilichotengenezwa kwa mkono wako unakijua. Kilichotoka kwenye mstari wa kiwanda kinamjua aliyekiunganisha, naye yuko Iowa. Mwaka 1973 General Motors nao wakaingia na gari-nyumba lao lenye umbo la kupendeza, injini ya lita saba na nusu, likivutwa na magurudumu ya mbele. Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, nchi za Kiarabu zikafunga bomba la mafuta. Foleni zikajaa kwenye vituo, na gari linalokunywa petroli kama ngamia aliyetoka jangwani likawa aibu kuegesha mbele ya nyumba. General Motors wakaacha kulitengeneza mwaka 1978 baada ya magari yasiyofika 13,000. Yaliyobaki bado yana wapenzi wanaotafutiana vipuri kama ndugu wanaotafutiana wachumba.

Ngoja niseme kidogo kuhusu kilichomo ndani, kwa sababu bila hicho msomaji hawezi kuelewa kwa nini watu wakae Alabama mwezi mzima. Gari-nyumba kubwa la dizeli halitengenezwi na kampuni moja. Chasisi huweza kutoka Freightliner, mjini Gaffney, South Carolina. Injini ni ya Cummins, gia boksi ni ya Allison, jenereta ni ya Onan, na jokofu, kiyoyozi na vipasha maji ni vya kampuni nyinginezo. Kiwanda ambacho jina lake limeandikwa ubavuni ndicho kilichojenga kuta, sakafu, makabati na nyaya, kisha kikaviunganisha vya wengine humo. Kila kimoja kina dhamana yake, kwa miaka yake, kwenye gereji yake. Taa ya onyo inapowaka, fundi wa injini anaweza kukuambia kwa dhati kabisa kwamba injini haina kosa, tatizo ni nyaya. Fundi wa nyaya naye atakuambia nyaya ni nzima, tatizo ni kompyuta ya injini. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi kwa sehemu zao, na wewe bado huna gari.

Chukua jokofu peke yake. Kwa miongo mingi majokofu ya magari haya hayakuwa na kompresa. Yalitumia ufundi uliobuniwa mwaka 1922 na wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters: moto mdogo huchemsha mchanganyiko wa amonia na maji, na kutokana na joto hilo hupatikana baridi. Ni maajabu, hasa porini pasipo na umeme. Lakini kimiminika hicho hushuka kwa uzito wake mwenyewe, kwa hiyo ukiegesha mahali palipoinama na kulala hapo siku nzima jokofu likiwaka, mabomba yake huungua polepole. Mafundi wa lori hawalijui, na mafundi wa majokofu ya majumbani hawaligusi. Injini nayo, kwenye magari mengi ya dizeli, imekaa nyuma, chini ya chumba cha kulala. Ili aione kutoka juu, fundi mwenye buti za grisi hupita sebuleni, hupita mbele ya choo, hufika chumbani kwako na kuinua kitanda ulichotandika asubuhi. Kuanzia miaka ya 1990 vilienea pia vyumba vinavyosukumwa nje kwa mota gari likisimama, ili sebule ipanuke. Kikikwama nje huwezi kuondoka, na kikikwama ndani huenda usifikie kitanda.

Msingi wa adha hii yote uko kwenye sheria. Mwaka 1985 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya California dhidi ya Carney. Polisi walikuwa wamepekua bila hati gari-nyumba lililoegeshwa katikati ya jiji la San Diego. Kama ni nyumba, katiba inadai hati ya hakimu. Kama ni gari, linaweza kutoweka kabla hakimu hajaamka, na hati si lazima. Kwa kura 6 dhidi ya 3, majaji walisema ni gari. Katika tanbihi moja, hata hivyo, waliacha mlango wazi: hawakuamua kuhusu gari-nyumba ambalo hali yake inaonyesha wazi kuwa ni makazi, kwa mfano lililoinuliwa juu ya matofali au kuunganishwa na maji na umeme. Sijui kama majaji walifikiria gereji, lakini ukisoma tanbihi hiyo unaona kichekesho chake: gari-nyumba halikaribii kuwa nyumba mbele ya sheria kama siku lile limening'inizwa hewani, magurudumu yametolewa, na mwenyewe amefukuzwa humo.

Mamlaka ya kodi ina jibu lingine. Kwake yeye, chochote chenye mahali pa kulala, pa kupikia na choo huhesabiwa kuwa nyumba, na riba ya mkopo wake inaweza kupunguzwa kwenye kodi. Halafu zipo sheria za majimbo zinazomlinda mnunuzi wa gari bovu lisilotengenezeka. Ya Florida, jimbo lililojaa wastaafu hawa, inahesabu injini na chasisi lakini inaziacha nje zile sehemu za makazi. Bomba la jikoni likivuja mara kumi, huwezi kudai ulinzi wa mwenye gari bovu. Kwa polisi ni gari, kwa kodi ni nyumba, na pale ambapo mwenyewe angetamani liwe gari, hiyo nusu nyingine haihesabiki. Mimi naiona dhuluma, ingawa naelewa ilivyokuja: kila ofisi ilichukua kipande kilichoihusu, kama vile kila mtengenezaji alivyotoa dhamana ya kipande chake.

Wenyewe hawakukaa kusubiri sheria. Mwaka 1978 Joe na Kay Peterson, waliokuwa wakiishi barabarani, walianzisha klabu ya Escapees, na makao yake yakawa Livingston, Texas. Kazi yake kubwa haikuwa burudani. Ilikuwa anwani. Mtu asiye na anwani hapati leseni, bima, kadi ya benki wala karatasi ya kupigia kura. Klabu ilipokea barua za wanachama na kuzituma popote walipo, hivyo maelfu ya watu wakawa wakazi wa mji mmoja wa misitu ya misonobari ambao wengi wao huuona mara chache. South Dakota ilikwenda mbali zaidi: kwa leseni ya udereva ilitosha kuonyesha stakabadhi ya usiku mmoja wa kulala kambini ndani ya jimbo. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa siku moja ilitosha kumfanya mwenyeji.

Wengine husubiri mafundi wawafuate. Quartzsite, Arizona, ni mji mdogo wa jangwani ambao kila majira ya baridi huzungukwa na magari-nyumba yaliyotapakaa ardhi ya serikali, na mafundi wa kuzunguka huja na vifaa vyao kwenye pikapu. Kaburi maarufu la hapo ni la Hadji Ali, mzaliwa wa himaya ya Osmania aliyeletwa mwaka 1856 kuchunga ngamia wa jeshi la Marekani, na ambaye Wamarekani waliliminya jina lake likawa Hi Jolly. Alifariki mwaka 1902. Juu ya kaburi pana piramidi ya mawe na kinyago cha ngamia. Wapita njia hupiga picha, kisha huulizia bei ya betri za sola.

Afrika nayo iliwahi kuyaona mambo haya kwa macho. Mwaka 1959 Wally Byam, mwanzilishi wa Airstream, aliongoza msafara wa karavani 41 za bati linalong'aa kutoka Cape Town hadi Cairo. Walipita Afrika ya Mashariki, na huko Addis Ababa Mfalme Haile Selassie aliwapokea. Hizi zilikuwa za kukokotwa, si magari-nyumba kamili, ila somo ni lilelile. Kiwanda kilikuwa Ohio, ng'ambo ya bahari, kwa hiyo kilichovunjika kilifungwa palepale porini. Siku hizi Airstream ina kambi yake mjini Jackson Center, Ohio, pembeni mwa gereji ya kiwanda, ambapo mwenye karavani hulala akisubiri zamu.

Na hiyo kambi pembeni ya gereji ndiyo jibu ambalo Red Bay ilijulikana kwalo zaidi ya wengine. Kiwanda kiliweka uwanja wenye maji, umeme na bomba la maji machafu. Kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa wa aliyetangulia kufika. Unaandikisha jina na orodha ya hitilafu zako, unaegesha, unasubiri. Zamu ikifika, asubuhi na mapema unaendesha nyumba yako hadi kwenye banda la fundi, na jioni unairudisha uwanjani ulale, hata kama kabati moja halina mlango na sakafu ya bafu imefunuliwa. Mchana kutwa watu hukaa kwenye chumba cha kungojea na mbwa wao, wakilinganisha orodha. Wanajua jina la fundi hodari wa rangi na la fundi hodari wa vyumba vya kusukumwa. Mjini, watu waliowahi kufanya kazi kiwandani wamefungua gereji zao binafsi, na mteja aliyechoka foleni hupelekwa kwao kwa kunong'onezwa.

Kilichoonyesha thamani ya mpango huo ni mwaka 2009. Mwaka 2006 viwanda vya Marekani vilikuwa vimetoa magari-nyumba na karavani karibu 390,000. Mwaka 2009 vikatoa kama 166,000. Mwezi Machi mwaka huo Fleetwood na Monaco, wawili kati ya wakubwa, waliomba kinga ya mufilisi mmoja baada ya mwingine. Elkhart, Indiana, kitovu cha kazi hii, ilifikia hali ambapo karibu mtu mmoja kati ya watano wa nguvukazi hakuwa na ajira, na Rais Obama alikuwa amefika huko mwezi Februari. Magazeti yaliandika juu ya wafanyakazi, na ni haki. Lakini kulikuwa pia na watu barabarani ambao usiku mmoja nyumba zao zilikuwa yatima. Dhamana ilibaki karatasi. Michoro ya nyaya ilikuwa kwenye makabati ya ofisi zilizofungwa. Huko Oregon, kuzunguka Coburg na Junction City, mafundi walioachishwa walifungua gereji ndogondogo, na wenye magari wakavuka nchi nzima kuwafuata. Walikuwa wanafuata vichwa vya wale waliokumbuka waya wa bluu unapita wapi.

Anguko hilo lilileta pia wakazi wapya wa barabarani, wasiochagua. Mwaka 2008 Amazon ilianza kuajiri watu wenye magari-nyumba kwa kazi za msimu kwenye maghala yake, na mwaka 2017 Jessica Bruder alichapisha kitabu juu yao, Nomadland, kilichokuja kuwa filamu. Kwa watu hao gereji haikuwa suala la kusubiri wiki tatu kwenye uwanja wenye bomba. Gia boksi likifa, hapo ndipo makazi yao yalipo kuanzia siku hiyo, na kama ni maegesho ya duka kubwa, walinzi watakuja kugonga dirisha.

Kwenye ardhi ya Escapees mjini Livingston kuna mahali paitwapo CARE. Ni kwa wanachama waliozeeka au kuugua, ambao hawawezi tena kuendesha. Hawahamishiwi kwenye chumba cha hospitali. Huja na gari lao, linaegeshwa, linaunganishwa maji na umeme, nao huendelea kulala kwenye kitanda chao. Mlo wa mara tatu hupatikana kwenye jengo la pamoja, na kuna anayewapeleka kwa daktari. Usukani bado upo mbele ya dirisha kubwa, viti viwili vya mbele vimegeuzwa vitazame sebuleni, na funguo za gari zimetundikwa karibu na mlango.